Alama ya Mtoto, Hukumu ya Mama

Kiwira ni mahali pa baridi. Abiria anayeshuka hapo akitokea Mbeya mjini, kabla basi halijaendelea na safari ya Tukuyu na Kyela, hulijua hilo mara tu mlango unapofunguliwa. Kwa hiyo hakuna anayeshangaa kumwona mama amemfunika mwanawe gubigubi: kitenge, juu yake blanketi, na kofia ya sufu iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi. Nami sikushangaa nilipokwenda huko mwezi Juni kumzika shangazi yangu, nikamkuta binti wa binamu yangu amejitenga jikoni na mtoto wake wa miezi miwili. Nilidhani anaota moto.

Nilipoomba kumpakata mjukuu wangu, alisita. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Baba mdogo, usishtuke." Alipoivua ile kofia niliona baka la rangi ya zambarau iliyokolea, limeanzia kwenye kope ya juu ya jicho la kulia, likapanda kwenye paji la uso na kupotelea ndani ya nywele. Mtoto mwenyewe alikuwa mzima, mnene, amelala fofofo. Aliyekuwa hoi ni mama yake.

Nilimwuliza aliambiwa nini pale alipojifungulia. "Nesi alisema litaisha lenyewe." Nikaomba kuiona kadi ya kliniki. Uzito ulikuwa umeandikwa, chanjo zilikuwa zimeandikwa, tarehe ya kurudi ilikuwa imeandikwa. Kuhusu uso wa mtoto hapakuwa na neno hata moja.

Ambayo nesi hakuyasema yalisemwa na wengine. Mama mkwe alitaka kujua mkamwana wake alikula nini alipokuwa mjamzito, na kama hakumcheka mlemavu fulani wa kijijini. Mwanamke asiyemfahamu alimkaripia stendi, mbele za watu, kwa kumwunguza mtoto na maji ya moto. Shemeji zake walimkumbusha mumewe kwamba katika ukoo wao alama ya namna hiyo haijawahi kuonekana, na maana ya ukumbusho huo haikuhitaji kufafanuliwa. Mashtaka yalikuwa matatu na yalitoka pande tatu, lakini mshtakiwa alikuwa mmoja. Hakuna aliyemwuliza baba wa mtoto alikula nini.

Hoja yangu katika makala haya ni nyepesi kuieleza, ingawa utekelezaji wake umetushinda kwa miaka mingi. Mzigo wanaoubeba wazazi wa mtoto aliyezaliwa na alama usoni hautokani hasa na alama yenyewe. Unatokana na ukimya wa taasisi zetu katika saa za kwanza za maisha ya mtoto. Pale mtaalamu anaponyamaza, jamii hujaza nafasi kwa maelezo iliyo nayo, na maelezo hayo karibu siku zote humtia mama hatiani. Tunapenda kulilaumu giza la mila. Mimi nawalaumu wale waliokuwa na taa mkononi wakaona hakuna haja ya kuiwasha.

Tujiulize kwa nini hakuna mama anayekimbia kwa mganga wa kienyeji pale bega la mwanawe linapotunga usaha baada ya chanjo ya kifua kikuu. Kidonda kile hutisha kukitazama, na huacha kovu ambalo mamilioni ya Watanzania tunalo hadi leo. Lakini muuguzi alikwisha kumwambia mama mapema: patavimba, patatoa usaha, patapona, usipake kitu. Kwa sentensi hizo chache serikali ilifanikiwa kuacha alama mwilini mwa karibu kila raia bila kuzusha uvumi mkubwa. Kinachotuwezesha kuishi na kovu la chanjo ni maelezo yaliyotangulia hofu. Mama wa Kiwira hakupewa maelezo ya namna hiyo.

Na maelezo yapo. Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na madoa ya rangi ya bluu au kijivu mgongoni na makalioni. Madoa hayo hayana madhara na kwa kawaida hufifia mtoto anapokua, lakini asiyeyajua hudhani mtoto amepigwa. Zipo pia alama nyekundu zinazovimba, ziitwazo hemanjioma. Mara nyingi hazionekani sawasawa siku ya kuzaliwa; huibuka katika wiki za mwanzo, hukua kwa kasi kwa miezi kadhaa, kisha husinyaa polepole katika miaka inayofuata. Ya mjukuu wangu ni ya aina nyingine, baka litokanalo na vijishipa vya damu vilivyotanuka chini ya ngozi. Hukadiriwa kwamba watoto takribani 3 kati ya kila 1,000 huzaliwa nalo. Hili haliishi lenyewe. Hukua pamoja na mtoto, na kwa wengine huzidi kukolea na kuwa nene utu uzimani.

Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walitangaza kwamba wamepata chanzo chake: badiliko dogo katika jeni iitwayo GNAQ. Badiliko hilo hutokea baada ya mimba kutungwa, katika seli chache tu, wakati kiumbe kinajengeka tumboni. Kwa lugha ya barazani maana yake ni hii: halikutoka kwa mama, halikutoka kwa baba, halikutoka katika ukoo wowote. Chakula hakikulileta, kicheko hakikulileta, kupatwa kwa mwezi hakukulileta. Shemeji waliosema kwamba alama hiyo haimo katika ukoo wao walisema kweli, ila hitimisho lao ndilo lililokuwa la uongo, kwa kuwa alama hiyo si ya kurithiwa katika ukoo wo wote.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba haya ni mambo ya kufarijiana, yawaachiwe wachungaji na mashangazi. Hapana. Ukimya huu una gharama inayopimika kwa macho ya mtoto, na sisemi kwa mafumbo. Baka la aina ile linapofunika kope ya juu na paji la uso, linaweza kuambatana na presha ya macho, ugonjwa unaoua uwezo wa kuona kimyakimya, na pia na kifafa kinachoanza utotoni. Si kila mtoto mwenye baka hilo hupatwa na hayo, lakini kila mmoja wao anapaswa kupimwa macho mapema na kufuatiliwa. Mtoto aliyeambiwa "litaisha lenyewe" hapelekwi kupimwa. Na siku atakapopata degedege, wale waliokwisha kuisoma alama yake kuwa ni laana watasema utabiri umetimia, na mguu wa kwanza hautaelekea hospitalini.

Hali ni hiyo hiyo kwa hemanjioma iliyo karibu na jicho, pua au mdomo. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, walieleza jinsi walivyogundua kwa bahati kwamba propranololi, dawa ya zamani ya moyo na shinikizo la damu, husinyaza uvimbe huo kwa watoto wachanga. Dawa hiyo si ya gharama kubwa, ingawa kwa mtoto lazima itolewe chini ya uangalizi wa daktari. Faida yake kubwa hupatikana ikianzwa katika miezi ya mwanzo, wakati uvimbe bado unakua. Miezi hiyo ndiyo ile ile ambayo mama anamficha mtoto chini ya blanketi. Aibu na tiba zinagombea muda mmoja, na kwa sasa aibu ndiyo inayoshinda.

Hapa sina budi kusema neno kuhusu mila, maana najua wapo watakaoona ni rahisi kuyabwaga yote hayo juu ya "imani potofu za Wanyakyusa". Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1957, Rituals of Kinship among the Nyakyusa, jinsi kuzaliwa kwa pacha kulivyotia watu hofu. Pacha na wazazi wao walihesabiwa kuwa hatari kwa ndugu na kwa mifugo. Walitengwa, ukoo ukakusanyika, tambiko likafanyika, kisha wakarudishwa katika maisha ya kawaida.

Sitamani kurudi huko. Ilikuwa ni hofu, na hofu hiyo iliwaumiza watu. Lakini yapo mawili ya kutazamwa kwa makini. La kwanza, baba na mama walitengwa pamoja. Jambo lilikuwa lao wote wawili. La pili, tambiko lilikuwa na mwisho, na baada ya mwisho huo familia ilipokewa upya. Mama niliyemkuta jikoni hakuwa na lolote kati ya hayo. Tambiko limeondoka, na sayansi iliyopaswa kushika nafasi yake haijafika. Amebaki katikati, mtuhumiwa wa peke yake, katika kesi isiyo na siku ya hukumu. Tukisema kwamba huo ni ushamba wa kale tunajidanganya. Hayo ni matunda ya usasa uliofika nusu.

Tusisahau pia kwamba mama anayeficha mtoto mwenye ngozi ya tofauti hapa kwetu ana sababu za kuogopa. Mkoa wa Mbeya uliwahi kutikiswa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mauaji ya watu waliochunwa ngozi. Miaka michache baadaye taifa zima lilishuhudia watu wenye ualbino wakiwindwa kwa ajili ya viungo vyao. Ni baada ya damu kumwagika ndipo dola ilipoanza kusema kwa sauti: mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mtu wa kwanza mwenye ualbino kuteuliwa na Rais kuingia bungeni, na mwaka 2010 ikapitishwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kazi haijaisha, lakini elimu iliyotolewa tangu wakati huo imeokoa maisha. Somo ni kwamba tunaweza kusema tukitaka. Swali ni kama lazima tungoje msiba ndipo tufungue kinywa.

Nazijua hoja za upande wa pili, nyingine nimezisikia kwa rafiki zangu walioko serikalini. Ya kwanza ni kwamba zahanati zetu zimeelemewa. Mkunga mmoja anahudumia wazazi wengi usiku mmoja, hana nafasi ya kuzungumzia madoa. Ni kweli ameelemewa, na simlaumu nesi yule aliyekuwa na haraka. Lakini ninachokidai hakizidi dakika tatu. Kwanza, aitaje alama kwa jina lake au aseme wazi kwamba haijui. Pili, amwambie mama, na baba akiwapo, kwamba hakuna mtu aliyeisababisha. Tatu, aandike kwenye kadi ilipo alama na ukubwa wake, na kama ipo karibu na jicho, pua au mdomo, aandike rufaa. Uzito wa mtoto huandikwa kila mwezi bila kulalamika. Mstari mmoja zaidi hautaivunja zahanati.

Hoja ya pili ni kwamba hatuna wataalamu wa ngozi. Ni wachache, lakini tunacho kiwanda chao. Tangu mwaka 1992 hospitali ya KCMC, Moshi, ina Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, ambacho kimewafunza matabibu na madaktari kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa kuelewa kwamba bara hili halitapata madaktari bingwa wa kutosha kwa muda mrefu. Kutoka Kiwira hadi Moshi ni mwendo wa takribani kilomita 1,000. Haimpasi mama mwenye kichanga kuusafiri. Anayepaswa kuusafiri ni mtumishi mmoja wa halmashauri, aende kusoma, arudi. Halmashauri zinazopeleka watumishi kwenye semina za kila aina zinaweza kulifanya hilo. Na kisingizio cha kwamba ngozi si kipaumbele kimepungua nguvu, kwa kuwa Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linaloyatambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya umma.

Kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanaonisoma nina neno la ziada. Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha alama hizi kwenye ngozi nyeupe, ambako huonekana waridi au nyekundu kama divai. Kwenye ngozi zetu huwa za zambarau, za kahawia, wakati mwingine za kufifia kiasi cha kupuuzwa. Mwaka 2020 Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari jijini London mwenye asili ya Zimbabwe, alitoa pamoja na walimu wake kitabu cha mwongozo kuhusu dalili za maradhi kwenye ngozi nyeusi, kwa sababu alikuwa amechoka kufundishwa miili isiyofanana na wake. Ikiwa London walihitaji kitabu hicho, Tukuyu na Mbeya tunakihitaji zaidi. Vivyo hivyo kwa tiba ya leza. Husaidia kufifisha mabaka ya mishipa ya damu, lakini ngozi nyeusi hufyonza mwanga wake na huweza kuungua au kubadilika rangi, hivyo yataka mtaalamu anayeijua. Mzazi asiuziwe matumaini na kila mwenye mashine mjini.

Wala si kila alama yahitaji kuondolewa. Wanafunzi wangu wa siasa wanamkumbuka Mikhail Gorbachev kwa kuanguka kwa dola ya Kisovieti. Wazazi wao wanamkumbuka kwa baka kubwa lililokuwa kwenye kipara chake. Alipoingia madarakani mwaka 1985, baadhi ya picha rasmi zilimwonyesha bila baka hilo, kana kwamba dola yenye makombora ya nyuklia iliogopa doa. Dunia nzima ilikuwa ikiliona kwenye televisheni. Nilimkumbuka pale Kiwira, mama yule aliponionyesha picha za mwanawe kwenye simu. Zilikuwa nyingi, na zote zilipigwa kutokea upande wa kushoto.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kubaguliwa kwa misingi mingi, ikiwamo hali yake ya afya, ulemavu na kuzaliwa kwake. Ni sheria nzuri, lakini ubaguzi wa mtoto huyu haukuanza kwa mtu kumfungia mlango wa shule. Ulianza kwa swali aliloulizwa mama yake kitandani. Sheria haiwezi kulifuta swali hilo, jibu laweza.

Nimeliona jibu hilo likifanya kazi. Baada ya msiba tulikubaliana mtoto apelekwe hospitali kubwa jijini Mbeya, nami nikashauri mama mkwe naye aende. Kwa mila zetu mkamwana hawezi kubishana na wakwe; ukimweleza yeye peke yake, umempa elimu asiyoruhusiwa kuitumia. Daktari alimpima mtoto macho, akasema presha iko sawa kwa sasa, akapanga tarehe za kurudi, akaeleza dalili za kuangalia. Kisha bibi akauliza lile alilokuja nalo: "Sasa daktari, hapa kosa ni la nani?" Daktari akamjibu, "Hakuna kosa, mama. Hata mimi ningeweza kuzaliwa nalo." Akamchorea kwenye karatasi jinsi vijishipa vilivyotanuka. Haikuchukua dakika tano.

Bibi huyo aliikunja ile karatasi akaiweka kwenye pochi yake. Naambiwa anaitoa sokoni kila anapoona jicho la mtu limeganda usoni mwa mjukuu wake, na kwamba siku ya ubatizo yeye ndiye aliyemvua mtoto kofia mbele ya kanisa. Mama mkwe aliyekuwa mwendesha mashtaka amekuwa mwalimu. Hakubadilishwa na hotuba ya haki za binadamu wala na semina. Alipewa jibu la kweli, na mtu anayemheshimu, kwa lugha anayoielewa.

Nawaomba basi wenzangu mlio katika ofisi za waganga wakuu wa wilaya: liingizeni jambo hili katika maelekezo ya wodi za wazazi, kabla ya bajeti yoyote, kwa waraka wa ukurasa mmoja. Wanaharakati, mnapoandaa kampeni za watu wenye ualbino, wakumbukeni na hawa. Na sisi wengine tunaopanda daladala na kusali makanisani na misikitini tuna wajibu mdogo zaidi. Tukikutana na mtoto wa namna hiyo, tumsalimu mama yake, tumwulize mtoto anaitwa nani, basi. Wahenga walituonya kwamba hujafa hujaumbika. Mama huyo amekwisha kuulizwa mengine yote.